Papa Alikagua Magari kwa Mkono

Juzi nilikwenda kununua pine mpya za gari hapa Butembo, maana mvua imeanza na zile nilizokuwa nazo zilikuwa zimekwisha, laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Muuzaji alinitelemshia moja kutoka juu ya rundo, akaifuta vumbi, kisha akapitisha kiganja chake kwenye meno ya pine, polepole, huku uso wake ukiwa kwingine kabisa, anabishana na jirani yake. Harufu ya raba mpya ilinipanda puani na uso wangu ukawaka. Mimi hapa, mwanamke mzima, mama wa watoto, naona haya mbele ya mtu ambaye hakunikosea lolote. Nililipa alichotaka bila kubishana bei, na ninyi mnaoijua Butembo mnajua hilo si jambo la kawaida, nikaondoka.

Papa alikuwa mkaguzi wa magari kule Beni. Hatukuwa watu wa huko kwa asili. Serikali ilimtuma kutoka Kisangani mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, na tukakaa mtaa wa Beu, kwenye nyumba ya matofali yenye mti wa parachichi nyuma ya jiko. Tulikuwa watatu tu, Papa, Mama na mimi, na kati ya majirani wenye watoto wengi hilo peke yake lilitosha kutufanya watu wa ajabu. Lakini Papa aliheshimiwa. Hakuna bisi ya abiria wala kamyo ya mizigo iliyotoka Beni kwa njia halali bila kupita kwenye uwanja wake wa kontrole, na hakuna shofere ambaye hakusikia mafundisho yake.

Na mafundisho alikuwa nayo. Gusa pine asubuhi kabla jua halijazipasha. Angalia mafuta ya breki kabla hujaangalia mafuta ya kwendea. Ukisimama kwenye mteremko, weka jiwe nyuma ya gurudumu kwanza, halafu ndio uamini breki ya mkono. Aliyasema hayo kwa kila mtu, hata mahali pasipostahili. Siku moja padri alileta gari la parokia, limetoka kubarikiwa, bado lina maji ya baraka kwenye kioo. Papa alilizunguka, akavuta kitu hapa, akasukuma kitu pale, akamwambia, "Mon père, baraka ni muzuri sana, mais frein ya mukono ilishakufa." Padri alicheka, ila gari lilibaki pale mpaka fundi akaitwa.

Kilichomfanya ajulikane zaidi ni mkono wake. Wakaguzi wengine walisimama kivulini, wakatupa jicho, wakasema pita. Papa alichuchumaa. Alipapasa kila pine mzunguko mzima, akaingiza vidole kwenye meno ya raba, akafuata mpira wa breki kwa ncha za vidole mpaka unapoishia, akanusa kidole. Mashofere walimwita Papa Mukono, kwa heshima iliyochanganyika na utani. Mimi nilikuwa na kiburi cha jina lile. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba baba zao wanaangalia, mais wangu anajua, hana haja ya kuangalia.

Gari letu wenyewe lilikuwa la volani ya kuume, yaani usukani uko upande wa kuume, kama mengi yanayotuingilia kutoka Uganda kwa njia ya Kasindi. Mnajua shida yake. Sisi tunapita upande wa kuume wa barabara, basi shofere wa gari kama hilo anakuwa kwenye ukingo, upande wa majani, na akiwa nyuma ya kamyo haoni kinachokuja mbele. Anayeona ni yule aliyekaa kushoto. Kila familia yenye gari la namna hiyo ilikuwa na mtu wake wa kukaa kushoto na kusema pita au ngoja. Kwetu mtu huyo nilikuwa mimi, tangu miguu yangu haijafika chini.

"Kuko nini mbele?" Papa aliuliza tukiondoka nyumbani asubuhi.

"Kamyo ya mbao. Nyuma yake piki mbili."

"Mbali?"

"Mbali kidogo. Ngoja, Papa. Kuko mama na mbuzi."

Alikuwa anataka kila kitu. Sio kamyo tu. Alitaka shimo, mbuzi, mtoto aliyesimama ukingoni, mwanamke mwenye kapu la mihogo kichwani. Nilidhani anataka yote hayo kwa sababu ya volani. Tena nilidhani wenzangu waliokaa kushoto kwenye magari ya baba zao wanasema kamyo peke yake kwa uvivu, na mimi nasema mpaka mbuzi kwa sababu nina akili. Nyuma walikaa watoto wa majirani, wanne au watano kutegemea siku, tukiwapeleka shuleni. Niliwageukia na kuwaambia wanyamaze, nafanya kazi.

Jioni alinipa karatasi za kazini nimsomee kwa sauti, ili Kifaransa changu kinyooke. Akimimina chai alitia ncha ya kidole kikombeni, nikajua ndivyo wakubwa wanavyopima moto. Mama naye alikuwa na malalamiko yake. Watu wa mtaa walimwambia mume wake amekuwa na majivuno, anapita mbele yao barabarani bila kusalimu, mpaka wamwite ndio ageuke. Mama alimtetea hadharani na kumgombeza chumbani. Papa alijibu kwa ile sauti yake ya Kisangani, "Likambo te, mama, hakuna shida, kesho nitabasalimia bote," na kesho yake alisalimia mpaka nguzo ya umeme. Tulicheka sana siku hiyo. Hata yeye alicheka.

Leo mtu akinisikia nikisimulia hayo ataniuliza, sasa hamkuona? Hatukuona. Papa hakuwa na umri wa kupofuka. Vipofu tuliowajua walikuwa wazee wenye fimbo, na Papa alikuwa na viatu vinavyong'aa na ufunguo wa gari.

Basi ikaja Jumamosi moja. Jumamosi sikuwa na shule, Papa alinichukua kwenda naye uwanjani, nikae garini na kitabu changu. Mabisi ya kwenda Butembo yalikuwa yamepanga mstari. La kwanza lilikuwa la Kasereka, shofere kijana, mtanashati, mwenye kofia nyekundu na maneno mengi. Abiria wake walikuwa wameshaingia, mafurushi yamefungwa juu, kuku wamening'inia ubavuni. Papa alichuchumaa kwenye pine ya mbele na kuanza kupapasa. Mimi nilishuka garini kunyoosha miguu, nikaenda kusimama karibu naye.

Mnajua wanachofanya wenye pine zilizokwisha. Wanachukua kisu, wanakipasha kwenye makaa, wanachonga meno mapya ndani ya raba iliyobaki, halafu wanapaka kiwi ya viatu. Kwa mkono, meno yapo. Kwa macho, ndani ya kila mfereji waliochonga unaona nyuzi nyeupe, ule uzi wa ndani kabisa ambao ukishaonekana hakuna kitu kingine kati yako na hewa ya pine. Pine ile ya Kasereka ilikuwa imechongwa vizuri sana. Na nyuzi zilikuwa nje, nyeupe, pembeni ya kidole cha Papa.

"Hii iko nzima," Papa alisema. "Bado ina meno."

Mashofere waliokuwa wanapiga soga waligeuka kututazama. Kasereka mwenyewe, aliyekuwa amejitayarisha kwa maneno ya kuomba msamaha, alibaki mdomo wazi. Nami nilifanya kazi yangu ya kila siku, kwa sauti ileile ya kila siku.

"Papa, kuko nyuzi nyeupe. Inatoka inje. Pale, kwa kidole yako."

Hakuna aliyecheka, na ingekuwa nafuu wangecheka. Papa aliinua uso, akamtafuta Kasereka, akatazama mahali ambapo Kasereka hakuwapo. Alitazama kwenye kuku. Niliona mashofere wanaangaliana. Sikuelewa, nawaambia kweli. Nilidhani nimemkosea adabu kwa kumsahihisha mbele ya watu, na nilianza kuona haya kwa ajili ya utovu wangu wa adabu.

"Mado, rudi mu gari," alisema. Halafu akamwambia Kasereka, kwa sauti kubwa kupita kiasi, "Nimesema iko nzima. Enda."

Alitia sahihi karatasi juu ya goti lake. Bisi iliondoka na watu wake wote, wengine wakitupungia mikono dirishani.

Papa alikuja akaketi kwenye usukani, akafunga mlango, akakaa. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia. Mabisi mengine yalikuwa yanangoja na mtu mmoja akapiga honi kidogo, kwa adabu. Papa hakugeuka.

"Uliona nyuzi?"

"Ndiyo, Papa."

"Nyeupe?"

"Nyeupe. Mingi."

Aliwasha gari. Hakuniambia tunakwenda wapi, mais alipokunja kuelekea barabara ya Butembo nilijua. Kabla ya kufika Butembo kuna milima ya Kabasha, na kila mtoto wa Beni anajua ni kitu gani pine ikipasuka Kabasha, na gari limejaa, na upande mmoja ni bonde.

Sijawahi kuogopa barabara kama siku ile. Papa hakuwa mtu wa mbio. Siku hiyo alikanyaga, na mimi nilisema kila kitu kilichopita mbele ya macho yangu mpaka koo likakauka. Shimo. Piki. Bamama. Kamyo, Papa, kamyo kubwa. "Pita?" Ngoja. Ngoja. Pita. Vumbi la kamyo lilitufunika na kwa muda hata mimi sikuona kitu, nikanyamaza, na Papa akapiga kelele, "Sema, Mado, sema!" Ndipo chukudu, ile baiskeli nzito ya mbao ya kubebea mizigo, ikatokea, imebeba magunia ya makaa, kijana ameegemea juu yake anateremka nayo, na mimi nikasema kushoto badala ya kuume. Niliuona uso wa yule kijana dirishani kwangu, karibu kiasi cha kumgusa. Gunia moja lilipasuka kwenye kioo cha pembeni. Nyuma yetu alibaki akitutukana, akiwa mzima.

Papa alipunguza mwendo. Hapo, kwa mara ya kwanza, nilimtazama yeye badala ya kutazama barabara. Macho yake yalikuwa wazi, yameelekezwa mbele, na mbuzi alikuwa amesimama katikati ya njia, mweusi, mkubwa, mchana kweupe. Papa hakumwona. Nilingoja amwone. Hakumwona.

"Mbuzi," nilisema.

Akafunga breki.

Bisi ya Kasereka tuliikuta chini ya Kabasha, pale magari yanaposimama kabla ya kupanda ili watu wanunue ndizi na mashini ipoe. Papa alishuka akiwa ameshika ubavu wa gari letu, akatembea moja kwa moja akifuata kelele za watu, akajikwaa kwenye jiwe. Nilipaswa kumshika mkono. Nilibaki garini, nimeinama chini ya dirisha, nikichungulia kwa jicho moja, na kioo kilikuwa wazi nikasikia yote.

"Mushuke," Papa alisema. "Mushuke bote, tafazali. Pine ya mbele ni mubaya. Ilichongwa na kisu."

"Mais wewe ulisema ni nzima," sauti ya mwanamke ilijibu. "Tulisikia sisi wenyewe."

"Nilisema. Sikuiona."

"Haukuiona namna gani? Ulikuwa juu yake."

Papa akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Siko naona, mama. Macho yangu ilishakwisha. Ni siku mingi."

Watu walishuka wakigombana. Mmoja alimtukana, akauliza ni serikali gani inampa kipofu kazi ya kupima magari. Mwingine alimtetea, akasema angalau amekuja. Yule mwanamke alisema jambo ambalo lilinibaki mwilini: "Donc sisi bote tulikuwa tunaenda kufa juu ya aibu yake." Hakulisema kwa hasira. Alikuwa anafunga mtoto wake mgongoni upya, na alilisema kama mtu anayepiga hesabu ya sokoni. Kasereka alivua ile kofia nyekundu, akatoa pine ya akiba, akaanza kufungua nati bila kumtazama mtu. Baadaye alimleta Papa kwenye gari letu akiwa amemshika mkono, taratibu, na kumwambia, "Kama ungenikataza pale uwanjani, ningekubali, Papa." Papa aliitikia kwa kichwa.

Mimi nilikuwa na hasira na Papa. Sio kwa sababu ametuendesha hivyo. Kwa sababu amesema. Angeweza kumwita Kasereka pembeni. Angeweza kudanganya kwamba kuna amri mpya, na watu wangeshuka na heshima yetu ingebaki. Ndivyo nilivyowaza, nikiwa nimejikunja kule chini, nikinusa makaa yaliyomwagika mlangoni.

Gari tulimwachia muuza ndizi alichunge mpaka atakapopatikana mtu wa kulirudisha. Tulirudi Beni kwa piki ya kukodi, Papa katikati, mimi nyuma, nimekumbatia mgongo wake.

Mama alikuwa anatwanga majani ya sombe nyuma ya nyumba. Papa aliomba kiti, akakaa, akamweleza yote kwa mpangilio, kuanzia mwanzo kabisa, jinsi jicho la kushoto lilivyoanza kuingia ukungu, halafu la kuume. Alisema aliogopa kurudishwa Kisangani mikono mitupu. Aliogopa tutafukuzwa nyumba. Mama aliacha mchi ndani ya kinu.

"Na batoto ya batu?" aliuliza. "Kila asubuhi batoto ya batu nyuma?"

"Nilikuwa na Mado."

"Mado ni mutoto."

"Mado alijua," Papa alisema. "Tulikuwa bawili. Alikuwa ananisaidia, hakusema kwa mutu." Akageuza uso upande ambao alidhani nipo, na alikosea kidogo tu. "Si ulijua, mama?" Ndivyo alivyoniita akitaka kunibembeleza.

Sikujua. Siku zote zile nilikuwa nacheza mchezo wa volani. Mais nilipomwona pale kitini, amekaa amenyooka, nilielewa kwamba jambo moja tu limemshikilia asianguke, nalo ni kwamba hakuwa peke yake, kwamba kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyeijua aibu yake na akaibeba pamoja naye. Kama nikisema hapana, basi alikuwa amemdanganya mtoto wake mwenyewe, akamkalisha mahali pa hatari bila kumwambia. Na nitawaambia sababu nyingine, maana tukianza kusema ukweli tuumalize: niliona aibu kuwa mjinga. Mimi niliyewanyamazisha wenzangu nyuma, nafanya kazi. Nilipendelea kuwa na kosa kuliko kuwa mtoto asiyeona kitu kilicho mbele ya pua yake.

"Ndiyo, Papa," nilisema. "Nilijua."

Papa alishusha pumzi. Mabega yake yalilegea na karibu atabasamu. Mama hakumtazama yeye tena, alinitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akauchukua mchi, akaendelea kutwanga.

Kazi ilikwisha, kama alivyoogopa. Nyumba hatukufukuzwa. Mama aliingia kwenye biashara ya viazi vya kutoka Alimbongo na akatulisha, na Papa alikaa barazani miaka mingi akisikiliza magari yanavyopita, akitoa hukumu juu ya breki za kila moja. Kila mgeni aliyekuja alisimuliwa. Huyu binti yangu, Papa alisema, alijua siri yangu na akaitunza, ndiye peke yake. Wageni walinisifu. Mimi nilitazama chini, nao wakadhani ni unyenyekevu, na Mama aliinuka kila mara akaenda kuangalia kitu jikoni.

Papa alitangulia mwaka uliopita. Nilidhani akishaondoka nitamwambia Mama, kwa kuwa hakuna tena wa kulindwa. Nilijiandaa wakati wa matanga, nikajiandaa tena kwenye misa ya arobaini. Maneno ni machache, hata mtoto angeweza kuyasema. Mais ningemwambia nini, kwamba alimpima binti yake miaka yote hii kwa kosa ambalo halikuwepo, naye sasa ni mzee, na marehemu ndiye aliyemtumia mtoto asiyejua? Basi nimekaa nalo.

Jumapili ninampeleka Mama misani. Anakuja hadi kwenye gari, amevaa kikwembe chake kizuri, anashika mlango, na hapandi. Wanangu wameshakaa nyuma. Anawatazama, halafu ananitazama mimi kwa macho yaleyale ya kwenye kinu, na anauliza bila ukali, kama mtu anayeuliza kama umefunga nyumba.

"Mado. Kuko kitu unajua, yenye hautuambie?"

"Hapana, Mama," namjibu. "Hakuna kitu."

Ndipo anapanda.